Tumbo Hilo Halikufungwa na Jirani

Dai linalosikika kuliko yote hapa Rubavu, Rwanda, kuanzia Mbugangari hadi Rugerero, ni kwamba mtoto aliyevimba tumbo na kukosa choo siku nenda siku rudi "amefungwa". Kuna mtu kamfunga, na mara nyingi mtu huyo anatajwa kwa jina na nyumba yake inaonyeshwa kwa kidole. Jibu langu ni kwamba tatizo lilikuwapo kabla jirani yeyote hajamtia mtoto machoni. Kati ya wiki ya 5 na ya 12 ya mimba, chembe za mishipa ya fahamu husafiri ndani ya utumbo kutoka juu kwenda chini hadi karibu na njia ya haja kubwa. Kwa mtoto mmoja hivi katika kila 5,000, chembe hizo huishia njiani. Kipande cha mwisho ambacho hazikukifikia hakiwezi kulegea. Hukaa kimebana, na kinyesi na hewa hurundikana juu yake. Huo ndio ugonjwa wa Hirschsprung.

Wavulana huupata karibu mara nne zaidi ya wasichana (mchawi gani huyo wa kuchagua hivyo?), na watoto wenye hali ya Down huupata zaidi ya wenzao. Tangu 1994 inajulikana kuwa hitilafu katika jeni iitwayo RET ni miongoni mwa sababu. Kwa hiyo mama mkwe anayemsimanga mzazi kwamba alikula hiki au alipita pale akiwa mjamzito, anamwonea tu.

"Ni minyoo." Minyoo huziba utumbo wa watoto wakubwa, hilo nakubali. Mtoto wa siku tatu ameitoa wapi? Swali la kuuliza ni lingine: choo cha kwanza, kile cheusi kinachonata, alikitoa lini? Watoto walio wengi waliotimiza miezi tumboni hukitoa ndani ya saa 24. Zikipita 48 bila kitu, apelekwe hospitali, hata kama ananyonya vizuri. Shida ni kwamba mama huruhusiwa kurudi nyumbani mapema, na huko hakuna anayehesabu saa. Mtoto akifikishwa Hospitali ya Gisenyi, kidole cha daktari kinaweza kuamsha shaka ndani ya dakika moja: anakiingiza taratibu, anakuta njia imebana na haina kitu, na anapokitoa, hewa na kinyesi chepesi vinafoka kwa kishindo. Uhakika wenyewe hupatikana kwa kukata kipande kidogo cha ukuta wa utumbo na kukitafutia zile chembe chini ya hadubini.

"Bomba la dawa za miti shamba linatosha." Dai hili nisingelidharau, kwa sababu bomba kweli hufungua, na kwa siku moja au mbili tumbo hushuka na nyumba nzima hulala. Hata hospitalini utumbo huoshwa. Tofauti ni kwamba huko hutumika maji ya chumvi yaliyopimwa, yanaingizwa kidogo kidogo kwa mpira laini kisha yanatolewa, na hayaachwi ndani. Maji matupu yakibaki kwenye utumbo uliotanuka huingia kwenye damu na kuvuruga chumvi za mwili, na majani makali huunguza utumbo. Kubwa zaidi, bomba haliotishi chembe zisizokuwapo. Miezi inakatika, mtoto hanenepi, kisha siku moja homa inapanda, tumbo linakuwa gumu na anaanza kuharisha choo chenye harufu mbaya sana. Hapo wapo wanaoshangilia kwamba amefunguliwa, kumbe ni uvimbe na maambukizi ya utumbo, na hicho ndicho kinachowaua watoto hawa zaidi ya kitu kingine.

"Wakate pale palipovimba." Waliosema hivi kwanza walikuwa madaktari wenyewe. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, daktari wa watoto kutoka Copenhagen, alieleza mbele ya wenzake mjini Berlin habari za watoto wawili waliokufa wakiwa na utumbo mpana mkubwa ajabu. Alidhani ugonjwa uko kwenye ule ukubwa. Kwa miaka kama 60 wapasuaji walimfuata, wakakata kilichovimba, na tatizo likarudi. Mwaka 1948 Orvar Swenson na mwenzake Alexander Bill, huko Boston, walionyesha kuwa mgonjwa ni kile kipande chembamba cha chini ambacho kwa macho hakina kasoro. Kilichovimba ni kizima, kimechoka kwa kusukuma tu. Tangu hapo kanuni ni moja: ondoa kipande kisicho na chembe, vuta chini kilicho kizima, ukishone karibu na njia ya haja kubwa. Duhamel mwaka 1956, na Soave baada yake, walibadilisha namna ya kushona. Mwaka 1998 wapasuaji wawili wa Mexico walieleza jinsi ya kuifanya kazi yote kupitia njia ya haja kubwa bila kupasua tumbo.

"Atatolea choo tumboni maisha yake yote." Hofu hii imewarudisha wazazi wengi nyumbani. Kwetu watoto hufika wamechelewa, utumbo umetanuka mno, kwa hiyo mara nyingi kwanza hufunguliwa tundu tumboni ili utumbo upumzike, miezi kadhaa baadaye hufanywa operesheni yenyewe, kisha tundu hufungwa. Ile nyama nyekundu inayochungulia haiumi ikiguswa, ingawa huvuja damu kidogo. Mifuko ni ghali, hivyo mama hukunja kitambaa safi, hupaka mafuta mazito kulinda ngozi, na hukifunga kwa kitenge. Tundu hugeuka la kudumu pale familia isiporudi.

Na kwa nini isirudi? Operesheni yenyewe hufanyiwa Kigali, na hapa ndipo dai la "Kigali ni ya wenye pesa" lina nusu ya ukweli. Bima ya afya ya Mutuelle humwachia mgonjwa asilimia 10 ya gharama hospitalini. Haimlipii basi la zaidi ya kilomita 150 kupitia Musanze, wala chakula cha anayemuuguza kwenye hospitali ya CHUK huko Kigali, wala siku ambazo shamba limelala. Viongozi wanaohimiza watu wakate bima wangeitaja na hesabu hii.

"Wakipasuliwa hufa." Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2021, kutoka hospitali 264 za nchi 74, ulihesabu kasoro saba za kuzaliwa, Hirschsprung ikiwemo. Kwa zote saba pamoja, walikufa karibu 40 katika kila 100 kwenye nchi maskini, na chini ya 6 kwenye nchi tajiri. Baadhi ya kasoro hizo ni kali kuliko hii yetu. Lakini kisu cha kule na cha huku ni kilekile, na tofauti kubwa iko katika kuchelewa kufika, dawa ya usingizi, damu, na uangalizi wa usiku.

Limebaki dai la wenye matumaini mengi: "Akishafanyiwa, amepona." Wengi huja kudhibiti choo, wakasoma na kuoa au kuolewa. Wengine hujichafua kwa miaka, au hufunga choo tena, na shuleni huzomewa. Baadhi huhitaji mshono upanuliwe mara kwa mara kwa kifimbo laini, kazi ambayo mzazi hufundishwa. Na ile homa yenye tumbo gumu na kuharisha inaweza kurudi hata baada ya operesheni iliyofanywa vizuri. Kwa hiyo karatasi ya hospitali ikae pamoja na kadi ya Mutuelle, na mtoto akipata homa hiyo, muuguzi wa zamu aonyeshwe karatasi kabla hajaandika dawa ya kuzuia kuharisha.