Usianike Imeli ya Pesa Zako

Unauza viatu vya mitumba, unaposti picha kwa Facebook, na chini unaandika: "Nipate kwa imeli hii." Baada ya muda imeli imejaa: umeshinda gari, akaunti yako imefungwa, bonyeza hapa. Hakuna aliyekulenga wewe. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni zikitafuta alama ya @, zinaokota kila anwani na kuipanga kwenye orodha za kuuzwa.

Wengine hushauri uandike "at" badala ya @. Sisi tunaona hiyo ni kinga hafifu, kwani programu hufundishwa ujanja huo haraka. Afadhali uwe na imeli mbili. Moja ya biashara, hiyo ianike utakavyo. Nyingine ni ya taarifa za akaunti na kubadilisha nywila, na isionekane popote. Kuifungua ni bure, labda bando kidogo tu.

Uzuri wake ni huu: ujumbe unaodai umetoka kwetu ukiingia kwa ile ya biashara, unajua papo hapo ni wakora. Sisi hatuna anwani hiyo.

Ulishaianika? Futa posti, kisha tupe anwani mpya. Barua taka usijibu, hata kusema "niondoeni". Utawaonyesha kuna mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa matangazo, lakini mkora hasomi sheria. Na PIN yako hatutaiuliza kwa imeli, hata siku moja.