Kihamba kisisahaulike katika mipango

Mhariri,

Mijadala kuhusu maendeleo ya vijiji vya mlima Kilimanjaro huishia kwenye barabara na hoteli za watalii. Sizipingi, lakini uchumi wa vijiji hivyo umesimama juu ya kihamba, yaani shamba la familia lenye mazao mseto: miringaringa ya kivuli, migomba, mibuni chini yake, ng'ombe wa zizini anayetoa samadi, na mfongo, yaani mfereji unaoleta maji ya mtoni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huo, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sifa nzuri, ila haizibui mfongo uliojaa matope.

Wapo watakaosema vihamba vimegawanywa kwa urithi hadi havitoshi kulisha familia, na bei duni ya kahawa imewakimbizia vijana mjini. Ni kweli. Lakini kung'oa mibuni na kukata miti ili kupanda mahindi kwenye mteremko ni kuiachia mvua udongo, na hasara humfikia hata mkulima wa tambarare anayetegemea maji hayohayo. Halmashauri zianze kwa kutenga fedha za kukarabati mifongo, kazi isimamiwe na wanaoitumia, kisha vyama vya ushirika vitafute wanunuzi wanaoithamini kahawa ya kivulini. Hoteli zitafuata, zikipenda.

Msomaji,
Moshi