Leopold alijengea watu wake bustani kwa mali ya Kongo. Na sisi, nani anatujengea?

Mwezi wa saba, jua la Bruxelles linachelewa kuzama mpaka karibu saa nne za usiku. Watu wa kule, ambao miezi ya baridi wanajifungia ndani, wanatoka kwa wingi na kulala kwenye majani ya bustani za mji. Nilikuwa kati yao siku moja ya posho, pamoja na marafiki watatu wanaoishi kule: mmoja mzaliwa wa Bukavu, mwingine wa Uvira, wa tatu wa Lubumbashi. Tulibeba kuku wa kuchoma, makemba na maji, tukaenda kwenye bustani ya Cinquantenaire. Hakuna mlinzi aliyetuuliza tiketi, karatasi, ao tunatafuta nani.

Sikuandika haya ili kusifu Ulaya. Bustani ile ilianzishwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1880, Ubelgiji ilipotimiza miaka 50 ya uhuru wake. Tao lake kubwa lenye milango mitatu lilimalizika mwaka 1905, na Mfalme Leopold wa Pili alililipia kwa pesa za Kongo, akizipitisha mikononi mwa watu wengine ili asijulikane. Wakati ule Kongo ilikuwa mali yake binafsi. Babu zetu walichapwa fimbo, wengine wakakatwa mikono, kwa sababu ya mpira wa porini. Hata Wabelgiji wenyewe walijua: Emile Vandervelde, mbunge msoshalisti, alisema kwamba siku moja tao hilo litaitwa tao la mikono iliyokatwa.

Mbali kidogo na tao kuna mnara wa mawe meupe, kazi ya Thomas Vinçotte ya mwaka 1921, unaoheshimu Wabelgiji waliokuja kutawala Kongo. Watoto wa rafiki yangu wa Uvira walikuwa wanakimbizana mbele yake. Mkubwa akauliza ule mnara ni wa nani. Baba yake akajibu: "Kula kwanza." Niliona kwamba ni swali analolikimbia tangu zamani.

Mchana tulipanda tramu namba 44 mpaka Tervuren, inayopita katikati ya msitu wa Soignes. Bustani ya Tervuren ni kubwa zaidi, ina mabwawa na miti mirefu, na familia zinazunguka na baiskeli. Kando ya mabwawa hayo, mwaka 1897, Leopold alionyesha Wakongomani 267 walioletwa kwa meli. Mchana walikaa katika vijiji vya kuigiza vilivyojengwa pale, usiku walilala katika mazizi ya farasi. Zaidi ya watu milioni moja walipita kuwatazama. Wengi waliwatupia vyakula na peremende, mpaka ikabidi kuweka kibao cha kusema kwamba weusi tayari wanalishwa. Saba walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Tulikwenda, tukasoma majina kwa sauti, na safari hii yule baba hakuwaambia watoto wale kwanza.

Katika jumba la makumbusho lililo ndani ya bustani hiyo kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1.508 waliokufa Kongo. Freddy Tsimba, msanii wetu wa Kinshasa, aliweka majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha, na jua likiwaka, vivuli vyao vinaangukia majina ya ukutani. Nimeona sanaa nyingi juu ya ukoloni. Hii ndiyo iliyoninyamazisha.

Rafiki wa Lubumbashi anasema haifai Mkongomani kupumzika kwenye majani yale. Namuelewa, lakini sikubaliani naye. Kama ni pesa zetu, basi watoto wetu wacheze pale bila aibu, mradi waambiwe. Kinachoniuma ni kingine. Leopold alituibia, na sehemu ya alichoiba akawajengea watu wake fasi ambayo hata maskini wa Bruxelles anakaa leo bila kulipa. Wale waliochota mali ya Kongo baada yake, wa ngozi yetu, wametujengea nini?

Kwetu ukitamka neno "parc", mmoja anawaza gorila wa Virunga ao wa Kahuzi-Biega, mwingine anawaza parking ya taxi. Fasi ya mtoto wa Kadutu kucheza haiko kichwani mwa mtu. Anacheza barabarani, katikati ya pikipiki. Kile kiwanja kilichobaki wazi, siku moja unakuta kimezungushiwa mabati, kesho yake matofali, na mwenyewe anakuonyesha karatasi yenye muhuri. Mashirika ya raia yanapiga kelele, radio inatangaza, kiisha ukuta unaendelea kupanda.

Sheria lakini iko. Ile ya ardhi, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya wote haiwezi kupewa mtu, mpaka kwanza iondolewe katika matumizi hayo kwa njia halali. Waliogawa viwanja hivyo wanaifahamu kuliko mimi na wewe.

Najua nitajibiwa: watu wanakufa kwa vita, wewe unatuletea habari za majani na baiskeli. Lakini volkano ilipotoka Goma mwaka 2021, na kila mara vita inapofukuza watu vijijini, familia zinalala wapi? Katika madarasa ya shule, katika viwanja vya makanisa, na masomo yanasimama. Mji usio na fasi wazi ya wote hauna pia fasi ya kukimbilia.

Bustani kama ya Tervuren inaomba pesa nyingi, na sitaidai leo. Nadai kitu kisicho na bajeti. Yeyote anayeshika muhuri wa mji, leo ao kesho, abandike kwenye mlango wa ofisi ya kila mtaa orodha ya viwanja vya umma vilivyo katika ramani ya kadastre, pamoja na vipimo vyake. Wakaaji wataisoma, watakwenda kupima kwa miguu, na watarudi kuuliza juu ya vile ambavyo havionekani tena.