Safari Wakati wa Masika



Masika yaanzapo mwezi wa Machi, jamaa wengi wa hapa Mwanza bado hufunga safari ya Dar es Salaam, ama kwa arusi ama kwa msiba. Njia ipitayo Shinyanga, Nzega, Singida na Dodoma ni zaidi ya kilometa 1,100, haifai kuikurupukia.

Mtume wetu (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Gari nalo lina kamba zake: matairi yasiyo vipara, breki, taa na waipa. Wala lisijazwe watu kupita kiasi. Sisi watu wa Ziwa twalijua hilo kwa machozi, tangu meli ya Bukoba mwaka 1996 hata kivuko cha Nyerere mwaka 2018.

Tena alifundisha kwamba watatu wakisafiri, wamfanye mmoja wao amiri. Amiri huyo asiwe dereva, maana dereva huona haya kukiri usingizi. Kazi yake ni kusema, "Simama." Maji yakifunika barabara, gari lisiingie, maji ya magotini yatosha kulichukua gari dogo mtoni. Usiku ukiingia na mvua ingali ikinyesha, laleni mjini.

Sheria imempunguzia msafiri sala na kumruhusu kufungua saumu. Mbona basi twajiongezea mzigo kwa mbio? Wapigieni simu wenyeji, muwaambie mtafika kesho, Inshallah.