Vita vya Ndani na Ugomvi wa Nje



Likizo ya Desemba inapokaribia, wako akina mama wa hapa kwetu Musoma, Bunda na Butiama wanaokosa usingizi. Binti amekua, na mama mkwe ameanza kuuliza habari za tohara. Mama hataki mtoto akeketwe, lakini anaogopa kuitwa mkwe asiye na adabu, tena anaogopa binti atakosa mchumba. Akiinyamazia hofu hiyo, hutokea kwa mlango mwingine: anagombana na wifi kwa ajili ya chumvi, anamkaripia mume, anawachapa watoto bila sababu. Na neno lenyewe bado halijatajwa.

Tutazame bustani ya Gethsemane. Bwana Yesu alihuzunika sana moyoni, wala hakuona haya kuwaambia wenzake. Aliomba mara tatu. Petro alilala. Maadui walipofika, Yesu alisimama kwa utulivu, lakini Petro alichomoa upanga akamkata mtu sikio. Asiyepigana vita vya ndani kwa maombi huwaumiza walio karibu naye.

Basi, mama, itaje hofu yako mbele za Mungu. Kisha zungumza na mume wako mkiwa wawili, kabla ya kikao cha ukoo. Mwendeeni mama mkwe kwa heshima, pamoja na mzee wa kanisa mnayemwamini, mkamwambie: "Mama, tunakuheshimu, na mjukuu huyu ni wako. Lakini hatutamkeketa." Msimtukane. Huenda naye alikatwa akiwa mtoto, wala hakuna aliyemuuliza.

Hata hivyo, kuheshimu si kukubali kila jambo. Sisi wauguzi tunajua kwamba ukeketaji huleta kutokwa na damu nyingi, maambukizo, na taabu wakati wa kujifungua. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Ndugu wakishikilia, nenda mapema kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Mugumu, wilayani Serengeti, na huku Butiama zimefunguliwa nyumba salama za kuwapokea mabinti wanaokimbia kisu.

Tuitafute amani na watu wote, lakini tusiinunue kwa damu ya mtoto. Bwana awatie nguvu.