Mwalimu Mgeni na Deni la Upatu

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa, basi Ruaha Mbuyuni umepapita, hata kama jina lake hukulishika. Ukishaiacha Mikumi, barabara huingia katika bonde la mibuyu, na Mto Ruaha Mkuu hutembea kando yako kama mwenyeji anayekusindikiza. Joto hupanda. Basi linaposimama, na kabla dereva hajazima injini, akina mama na vijana wamekwisha kulizunguka, wakiinua vitunguu na nyanya hadi madirishani. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupumzika hapo kabla ya kuukabili mlima Kitonga. Abiria hununua, basi huondoka, na mahali hapo husahaulika.

Leo nakuomba uliache basi hilo liende, ubaki nami kitambo kidogo. Nataka kukusimulia habari ya urafiki wa watu wawili: mwuza vitunguu wa makamo, mjane mwenye watoto wanne, na mwalimu wa Kiingereza kutoka Marekani, binti aliyekuwa bado hajatimiza miaka 25. Habari hii nilisimuliwa na mama huyo mwenyewe, sisi sote wawili tukiwa tumeketi juu ya magunia matupu kando ya barabara. Aliniomba nisiyataje majina, nami nimetii.

Walimu wageni si jambo jipya kwetu. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, vijana wa kwanza wa kujitolea wa Peace Corps waliwasili kutoka Marekani. Hao wa kwanza walikuja kwa kazi za upimaji na barabara. Walimu walifuata baadaye. Mpango huo ulikoma mwaka 1969, ukarejea mwaka 1979. Waingereza na Wajapani wa kujitolea nao tumewaona madarasani. Wala si sisi pekee tunaoalika walimu wa namna hii: Korea ya Kusini, nchi yenye utajiri wake, ilianzisha mwaka 1995 mpango wa serikali wa kuwaajiri wageni wafundishe Kiingereza katika shule zake.

Kwetu haja hiyo yafahamika kwa kila mzazi. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na siku aingiapo kidato cha kwanza hukuta baiolojia, jiografia na hesabu zimevaa nguo za Kiingereza. Tangu mwaka 2004, shule za sekondari za kata zilipoanza kujengwa kwa wingi, madarasa yalijaa upesi kuliko walimu walivyopatikana. Ndipo binti wa watu akavuka bahari, akakaa karibu miezi mitatu akifundishwa Kiswahili na desturi, kisha akaletwa katika bonde la mibuyu kwa muda wa miaka miwili.

Maisha yake ya kila siku yalikuwa ya kawaida kabisa. Alfajiri alichota maji, akipishana na wanafunzi wenye ndoo vichwani. Darasani alikuta watoto wanaosimama wote kwa pamoja kumwamkia, kisha wananyamaza kama maji ya mtungi, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuchekwa akikosea. Saa nne alikunywa chai na maandazi pamoja na walimu wenzake. Jioni alirudi nyumbani, na watoto wadogo wakamfuata wakiimba “Mzungu! Mzungu!” Ilipita miezi kadhaa kabla wimbo huo haujageuka kuwa “Shikamoo Madam”.

Mama wa vitunguu alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Yeye ndiye aliyemfundisha kuwasha mkaa bila kujaza nyumba moshi. Alimfundisha kuitikia “Kamwene” kwa Wahehe wapitao, na kupima vitunguu kwa sado na kwa debe. Alimfundisha pia neno lumbesa, ambalo binti huyo alilitafuta katika kamusi yake asilione, hata alipoonyeshwa gunia lenye kilemba kirefu kuliko gunia lenyewe ndipo akaelewa, akacheka. Naye alimsaidia mtoto wa tatu wa mama huyo, aliyekuwa kidato cha pili, kusoma kwa sauti kila jioni kibarazani. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoota, bila mtu kuupanda.

Lakini, ndugu msomaji, urafiki usiojaribiwa ni salamu tu.

Jaribu la kwanza lilikuwa msiba. Mama wa vitunguu alifiwa na mdogo wake wa kiume. Kijiji kizima kilihamia uani kwake: wanaume chini ya mti, wanawake juu ya mikeka, masufuria motoni. Mlango wa mwalimu ulikuwa umefungwa. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Mwalimu alikuwa ndani, akilia peke yake, kwa kuwa kwao aliyefiwa huachiwa nafasi, na mtu asiye wa ukoo hangoji kuitwa tu bali huona haya hata kukaribia. Aliandika barua ya pole kwa mkono wake, akaiweka katika bahasha, akampa mtoto aipeleke.

“Nilipoipokea ile bahasha,” mama aliniambia, “moyo wangu ulizizima. Nilisema, kumbe huyu nilimwita mwanangu, naye ananitumia karatasi kama ofisi.”

Jioni ya siku ya pili, mtoto yule wa kidato cha pili alikwenda kugonga mlango. Akauliza kwa adabu, lakini bila kuzunguka, “Madam, kwenu mtu akifa, majirani hujifungia?” Binti alishtuka. Akatoka vile vile alivyokuwa, kanga kiunoni, akaingia uani. Hakujua la kusema, akaketi mkekani. Kisha akaona wanawake wanaosugua masufuria, akaenda kusugua pamoja nao hadi usiku. Hakuna aliyemlaumu. Mama alimwita, akamweka ubavuni pake.

Basi nikuulize: kosa lilikuwa la nani? Siku mbili nzima walimu wenzake waliupita mlango ule uliofungwa. Viongozi wa kijiji waliupita. Wote walinong’ona, na hakuna aliyegonga ila mtoto. Sisi tuna desturi ya kumstahi mgeni hata tukamnyima ukweli. Tunamfundisha salamu kumi, tunafurahi akizitamka vibaya, lakini wajibu hatumfundishi. Kisha tunamhukumu kwa sheria ambayo hatukumsomea.

Jaribu la pili lilikuwa fedha, na hapa ndipo urafiki mwingi wa namna hii huvunjikia. Kila aliyekuwa na shida alimwona mwalimu kama benki isiyofungwa. Mmoja alitaka nauli, mwingine mbolea. Mama wa vitunguu hakuwahi kuomba, mpaka msimu mmoja alipopungukiwa fedha za mbegu akakopa shilingi 20,000. Alipovuna, alizileta zikiwa zimefungwa katika pindo la kanga. Mwalimu akatabasamu akasema, “Hapana, mama, usijali, zako hizo.”

Alidhani ametenda wema. Mama alirudi nyumbani amenuna, akakaa juma zima bila kumtuma mtoto kusoma. Mwishowe alikwenda kumwambia: “Mwanangu, nilikopa, sikuomba. Ukinisamehe deni ambalo ninaweza kulilipa, umenifanya ombaomba mbele ya watoto wangu.” Akaziweka zile shilingi mezani. Safari hii mwalimu alizipokea kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo alikaribishwa katika upatu wa akina mama wa barabarani. Walikuwa wanawake 12, kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa juma, na kila juma mmoja wao akipokea shilingi 60,000. Mama wa vitunguu ndiye aliyemdhamini. Mwanzoni mwa mwaka 2020 mzunguko mpya ulianza, na zamu ya mwalimu ikaangukia juma la nne. Alipokea fedha zake, akazinunulia madaftari na kamusi za darasa lake.

Kisha ikaja korona. Katikati ya Machi mwaka 2020, Peace Corps iliamua kuwarudisha kwao watu wake wote wa kujitolea, ulimwenguni kote. Tarehe 17 mwezi huo huo shule zetu nazo zilitangaziwa kufungwa. Mwalimu alipata siku moja ya kufunga mizigo. Mama wa vitunguu alikuwa shambani ng’ambo ya mto. Aliporudi jioni alikuta ufunguo, sufuria mbili na kanga iliyokunjwa vizuri. Binti alikuwa amekwisha kwenda.

Na upatu? Majuma manane yalikuwa bado. Hesabu ni rahisi: shilingi 40,000. Katika kikao cha juma lililofuata baadhi ya wanachama walisema waziwazi kwamba Mzungu amekimbia na fedha za maskini. Mama wa vitunguu alisimama akasema, “Nilimleta mimi. Deni lake ni langu.” Akalipa zamu mbili kila juma, yake na ya mwalimu, katika miezi ile ambayo abiria walikuwa wachache na vitunguu vilioza katika makapu. Juma moja, aliniambia, walikula uji mchana na usiku.

Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Wiki kadhaa baadaye, mwalimu mmoja wa shule ile alikuja kibandani pake na simu mkononi. Ujumbe ulikuwa umetoka Marekani. Binti alieleza kwamba aliondoka kwa amri na kwa haraka, kwamba alikuwa ameikumbuka hesabu ya upatu akiwa bado njiani, kwamba ilimchukua muda kupata kazi na njia ya kutuma fedha. Na fedha zilikuwa zimefika: shilingi 40,000.

“Si laki moja?” nilimwuliza, kwa ujinga wangu.

Mama alinitazama kwa huruma. “Angeleta laki moja ningelia,” alisema. “Ningejua kwamba amerudi kuwa Mzungu. Alileta arobaini kamili. Hapo nikajua kwamba yule ni mwanangu, na ya kwamba tulisikilizana.”

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaisoma methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi, tangu siku ile, naisoma kama amri kwa mwenyeji. Jembe ni heshima. Anayempa mgeni kiti kila siku humweka mbali kila siku; anayempa jembe, sufuria la kusugua na zamu ya upatu, amemhesabu kuwa mtu.

Wala usidhani kwamba maneno haya yanawahusu Wamarekani tu. Kijana aliyezaliwa Kagera akapangiwa kufundisha Mbuyuni ni mgeni pia: hajui kilugha, hana shangazi wa kumpikia akiugua, na mlango wake nao hufungwa jioni. Vijana wetu wanaokwenda ng’ambo kufundisha Kiswahili watakuwa wageni huko vivyo hivyo, na tutaomba apatikane mtu wa kuwagongea mlango.

Basi, ndugu msomaji, katika mtaa wako pana mwalimu mgeni? Umemwamkia, bila shaka. Je, umemwambia ni nani amefiwa?