Kipimo cha oksijeni pekee hakimtoshi majeruhi aliye usingizini

Baadhi ya majeruhi wa ajali za barabara kuu ya Nairobi-Mombasa na wa bodaboda za vijijini hufikishwa Hospitali ya Machakos Level 5. Aliyeumia kichwani akihitaji upasuaji, hatima yake haitegemei kisu cha daktari pekee. Hutegemea pia hewa ambayo wengi huiona kuwa taka tu: kaboni dayoksaidi.

Mgonjwa aliyetiwa nusukaputi na kulegezwa misuli hapumui mwenyewe. Hupumuliwa na mashine au kwa mkono wa mtaalamu. Akipumuliwa polepole mno, kaboni dayoksaidi hujaa katika damu, mishipa ya ubongo hupanuka na shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Akipumuliwa kwa kasi mno, mishipa hiyo hunywea na ubongo uliojeruhiwa hunyimwa damu. Kiwango cha kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Nafasi ni finyu, na jicho haliioni.

Kifaa kibanwacho kidoleni hakiioni pia, kwani hupima oksijeni tu. Mrija wa kupumulia ukiingizwa kwa makosa katika njia ya chakula, kifaa hicho huweza kukawia dakika kadhaa kabla ya kupiga king'ora. Kapnografu, ambayo hupima hewa inayotoka katika kila pumzi, hufichua kosa hilo baada ya pumzi chache.

Hata hivyo, viwango vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la kimataifa la wataalamu wa nusukaputi viliipa oksimita uzito mkubwa kuliko kapnografu, kwa sababu ya bei na uhaba wa mitambo iliyo imara. Uamuzi huo unaeleweka, lakini anayeulipia ni majeruhi wa kichwa.

Kununua mashine nako hakumalizi kazi. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodisha mitambo kwa hospitali 98, na mwaka 2020 kamati ya Seneti ikabaini kuwa baadhi ilikaa bure kwa kukosa wataalamu au umeme. Kapnografu nayo huhitaji mirija ya kunyonyea hewa, ambayo huisha na kununuliwa upya. Bajeti ya kaunti isipoitaja, mashine hubaki pambo.

Hatari haiishi mgonjwa atokapo chumba cha upasuaji. Dawa kali za maumivu hupunguza kasi ya kupumua, na oksijeni ya puani huuficha upungufu huo. Mgonjwa asipozinduka, madaktari hujiuliza: je, ni damu iliyovuja tena ubongoni, au ni kaboni dayoksaidi iliyorundikana? La kwanza laweza kudai ambulensi hadi Nairobi, kilomita 60 hivi. La pili hurekebishwa papo hapo kitandani kwa kumsaidia kupumua. Bila kapnografu wala kipimo cha gesi za damu, uamuzi huo hufanywa kwa kubahatisha.